Bia Iliyotufunga Fainali

Duniani kote hakuna watu wanaoijua raga kama sisi wa Mukhisubani. Asiyesadiki na aje atuulize. Ila asituulize sheria, maana sheria za mchezo ule hata refa anazibahatisha, wala asituulize tumetoa wachezaji wangapi, kwa kuwa mpaka juzijuzi kijiji hiki kilikuwa hakijatoa hata mbeba maji. Tunachokijua sisi ni nani kasababisha tukafungwa. Hapo ndipo ulipo utaalamu wetu, na hapo hatujawahi kushindwa.

Mwaka ule fainali ya Ulaya iliangukia Jumapili ya mwisho ya kula nyama kabla ya mfungo mkuu. Timu yetu ya taifa na Waromania, tena kwao, Bukarest. Wiki nzima kijiji kiliamka na ushindi na kulala na msiba. Waliosema tutashinda walitegemea safu yetu ya mbele, yale mabwana matatu yenye shingo kama magogo, ambayo yakishafungana vichwa na adui na kuanza kusukuma, hata trekta lingerudi kinyumenyume. Waliosema tutafungwa walikuwa na sababu nyingi zaidi, maana mashaka hayahitaji mazoezi. Mpiga mateke wetu goti limejaa maji. Kocha ni mgeni. Refa ana jicho la husuda. Padri alikataa kuuombea mchezo, akasema Mungu hana timu, kisha akaonekana anawasha mshumaa mnene kama mkono wa mtoto. Alipoulizwa akajibu kwamba ni wa wasafiri. Na kweli, wachezaji si walikuwa wamesafiri?

Pale dukani kwa mkate watu wawili walipigana kwa ajili ya lile goti. Mmoja alisema ni la kushoto, mwenziwe akasema la kulia. Walipoachanishwa, mmoja alikuwa anatafuta jino lake sakafuni na mwingine sikio linamning'inia kama hereni. Na wote wawili walikuwa upande wa tutashinda.

Lakini kwa Tsiala, mke wa Varlami, fainali ile haikuwa habari ya goti. Safari hii mmoja wa mabwana wale matatu alikuwa mwanawe, Tornike, aliyetoka tumboni mwake na kichwa kikubwa mbele kana kwamba alishaanza kusukumana na dunia tangu siku ile. Mtoto anacheza fainali, na baba yake hana mahali pa kukaa amtazame. Ukitaka kujua kwa nini, lazima turudi mwaka mmoja nyuma, kwenye bia.

Mwaka uliotangulia fainali ilichezwa hapahapa kwetu, mji mkuu, Tbilisi, na wao haohao Waromania. Kijiji kilijazana sebuleni kwa mzee Kalistrate. Huyu ndiye mkuu wa meza zetu, ndiye anayeamua glasi inainuliwa saa ngapi, kwa ajili ya nani na kwa maneno gani, na asipotamka yeye hakuna anayeonja. Mchezo ulikuwa unaelekea kwisha, sisi tunaongoza. Divai mezani ilikuwa imekauka, na Kalistrate ameshuka ghalani kuchota nyingine kwenye mtungi uliozikwa ardhini. Varlami furaha ikimpanda hana subira. Akaikamata chupa ya bia iliyoletwa na vijana wa mjini, akasimama, akasema, "Haya, kwa hawa." Akaimimina kooni yote.

Sasa, kwetu glasi ya divai ni baraka na bia ni laana. Ukimwinulia mtu bia umemtakia asiione kesho, ndiyo maana bia huinuliwa kwa watoza kodi na kwa wakwe waliokimbia deni la mahari. Kwa hiyo lile neno "hawa" halikuwa neno dogo. Hawa wepi? Kwenye televisheni dakika ile walikuwa wamefungamana wote, wetu na wao, lundo moja la matako na matope. Varlami aliapa kwamba aliwalaani Waromania. Wenziwe walisikia amewalaani vijana wetu. Kabla ubishi haujakolea Mromania akapiga penalti, mpira ukapita katikati ya milingoti, tukafungwa kwa pointi moja.

Varlami alitoka kwa Kalistrate kupitia dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Alipofika kwake, uso wote vigae vya kioo, alichukua shoka akaipasua televisheni yake mwenyewe vipande vipande. Tangu siku hiyo hakuna meza iliyomwita. Harusini aliwekwa karibu na mbwa. Msibani walimwachia kuchimba kaburi, wakati wa kumnywea marehemu wakamgeuzia visogo. Mwanamume wa kwetu asiyeitwa mezani ni maiti inayotembea na kudaiwa salamu.

Aliyekuwa mkali kuliko wote alikuwa Murmani, jirani yao ukuta kwa ukuta, tena ndiye baba wa ubatizo wa Tornike. Murmani siku ya bia hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitali mjini Kutaisi kwa jiwe la figo, hakuona mchezo hata dakika moja, na kwa sababu hiyo alijihesabu ndiye mtu pekee mwenye mikono safi kijiji kizima. Kila penye watu alirudia kwamba angekuwepo yeye, ile bia Varlami angeinywa pamoja na chupa.

Jumamosi, siku moja kabla ya fainali, Tornike alipiga simu kutoka Bukarest. Aliuliza habari za nguruwe, akauliza habari za mgongo wa mama, akazunguka zunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Mwisho akalitoa.

"Mama, mwambie baba akae na watu kesho. Nikiinamisha kichwa pale nikamkumbuka yuko peke yake na ukuta, shingo haitasimama. Na shingo isiposimama pale, inavunjika."

Tsiala alimwambia asukume tu, mambo ya viti amwachie mama yake. Yeye ni mtu wa mzaha, hata kwenye mazishi ya mama yake alichekesha waombolezaji, lakini siku ile mzaha ulimkimbia mpaka jioni.

Asubuhi ya fainali alimfungia safari Kalistrate, na mkate wa jibini chini ya kwapa. Kalistrate ni mtu wa haki, yaani mwoga. Alikula mkate, akasema mlango wake uko wazi kwa kila Mkristo, ila hawezi kumwingiza Varlami mpaka Murmani, kama baba wa ubatizo, aseme yamekwisha. Akamshauri akazungumze na Murmani taratibu, kwa lugha ya kina mama.

Tsiala alirudi nyumbani kutafuta hiyo lugha. Akamkuta Varlami uani amempigia nguruwe goti shingoni. Kisu kiliingia chini ya mguu wa kushoto wa mbele, mnyama akapiga ukelele uliowanyanyua kunguru wa kijiji kizima, damu ikaruka ukutani, ikaruka kwenye kanzu ya Tsiala iliyoanikwa kambani, nyingine ikaingia kwenye beseni. Nguruwe alikuwa anapiga mateke bado Varlami aliposema, bila kugeuka, kwamba saa ikifika anakwenda kwa Kalistrate.

"Watakuvunja," alisema Tsiala.

"Wavunje. Ipo mifupa hawajaigusa."

Sufuria kubwa lilikuwa mekoni, maji yanatokota kwa ajili ya kumnyonyoa nguruwe, ila Varlami hakuyangoja, alishampasua tumbo na kutoa ini. Tsiala alikuwa ndiyo kwanza anachukua upawa, lango likapigwa teke. Murmani huyo, na wapwa zake wawili nyuma, mapande ya watu, mmoja wao amebeba kamba ya kufungia fahali.

Murmani alieleza kwa sauti ya kistaarabu kabisa kwamba hawakuja kwa ubaya. Walikuja kumfunga Varlami kwenye nguzo ya ghala la mahindi mpaka filimbi ya mwisho, halafu watamfungua, na tukishinda watamletea hata glasi. Hawawezi kumwacha azurure karibu na chupa siku kama ile. Ni kwa faida ya mtoto mwenyewe.

"Mtoto gani?" aliuliza Varlami. Damu ilikuwa inamchirizika mpaka kwenye viwiko. "Huyo uliyemshika kwenye kisima cha ubatizo ukamwangusha?"

"Nilimwangusha kidogo. Na kichwa chake si ndicho kinachotuchezea leo? Unikome, Varlami. Lete mikono."

Mpwa wa kwanza aliingia mikono mbele. Varlami alikuwa ameshika ini la nguruwe, bado linafuka mvuke, akamsiliba nalo usoni, na jamaa alipokuwa anajifuta ini machoni akapigwa goti la tumbo akakaa chini kwenye beseni la damu. Mpwa wa pili alirusha kamba. Kamba ikamkamata Varlami shingoni, akavutwa, akaburutwa uani kama gunia. Hapo Murmani akang'oa nguzo ya mzabibu iliyokuwa imesimikwa kando ya ukuta, akaishusha kwa mikono miwili. Ilimpata Varlami kwenye mtulinga. Tsiala aliusikia mfupa ukilia, kavu, kama kuni ya jana.

Mtu mwingine angelala. Varlami aliinuka na kamba shingoni, mkono mmoja unaning'inia, akainamisha kichwa akamwingia Murmani katikati ya uso. Mwamba wa pua ukaenda upande. Wakashikana vichwa, bega kwa bega, wanasukumana juu ya damu ya nguruwe, wanateleza, wanang'atana, wazee wawili wenye wajukuu, huku mpwa mwenye kamba akimnyonga mmoja kwa nyuma. Macho ya Varlami yalianza kutoka. Ulimi ulianza kuwa na rangi ya zambarau.

Tsiala alichota upawa mmoja na kuumwaga mgongoni kwa mwenye kamba. Kijana aliachia kamba, akatoa sauti ileile aliyoitoa nguruwe, akaruka ukuta bila kuugusa. Upawa wa pili aliumwaga chini, miguuni kwa wale waliobaki. Wakaruka kila mmoja upande wake.

"Sufuria bado limejaa," Tsiala aliwaambia. "Anayefuata nani? Shemeji Murmani, wewe una manyoya mengi, karibu."

Hakukaribia mtu. Murmani alikuwa ameshika pua, damu yake inachanganyika na ya nguruwe, huwezi kusema ipi ya nani. Tsiala akapata nafasi ya ile lugha ya kina mama. Alisema mchezo unakaribia kuanza, na kama ni kupigana wapigane mpaka usiku, wataukosa wote. Au waende kwa Kalistrate sasa hivi, Varlami asimame mbele ya meza na aape kwa divai alimlaani nani. Meza ikimkataa, Tsiala mwenyewe atamfunga kwa kamba ile, na mafundo yake hayafunguki. Murmani alifikiri. Aliangalia jua, akaangalia sufuria. Akakubali.

Basi wakaongozana barabarani, Varlami mkono umefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha mkewe, Murmani matambara puani, mpwa mmoja mwekundu kuanzia kiunoni kushuka chini, wa pili anatembea bila shati kwenye baridi na hataki mtu amguse. Watu walitoka malangoni wakauliza kama mchezo umeshaanza.

Sebuleni kwa Kalistrate hapakuwa na pa kuweka unyayo. Televisheni ilikuwa imewashwa, vijana wanapasha misuli uwanjani. Kina mama waliwaosha majeruhi vidonda kwa gongo la maganda ya zabibu, na gongo lililobaki walilinywa wao. Kamera ilipopita kwenye uso wa Tornike chumba kizima kilisogelea kioo. Varlami alikuwa amesimama kizingitini, haruhusiwi kuvuka. Alinyoosha shingo yenye alama ya kamba, akamwona mwanawe kwa muda wa kupepesa jicho, kisha kamera ikahamia kwa Mromania mmoja anayetema mate.

Kalistrate alimpa glasi. Kwetu mtu haapi uongo kwa divai, mizabibu yake itakauka mpaka ya mjukuu. Varlami aliishika kwa mkono mzima, akasema siku ile aliwalaani Waromania, wao na milingoti yao, na kama anadanganya mizabibu yake iwe kuni. Akanywa. Upande wa tutashinda ukaguna kwamba inatosha. Upande wa tutafungwa ukasema labda neno lilikuwa zuri ila mkono ulikosea njia, maana laana ni kama mpira ule wa umbo la yai, ukidunda hujui unakwenda wapi.

Murmani alisimama, sauti inatokea puani. Akasema hajali alisema nini. Bia ni bia. Mtu aliyesimama na bia wakati vijana wetu wapo mbele yake kwenye kioo amewagusa na laana, apende asipende. Mwanamume wa kweli divai ikiisha hukaa na koo kavu. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali, na Tsiala akaona kichwa cha Kalistrate nacho kinaanza kutikisika. Saa ya ukutani ilikuwa haimngojei mtu. Kamba ilikuwa palepale, begani kwa mpwa.

Tsiala akasema tu lililomjia, kwa unyenyekevu, mikono kwenye aproni.

"Mimi mwanamke sijui kitu. Ila nasikia pale uwanjani Tbilisi wanauza bia tupu. Sasa wale maelfu na maelfu waliokuwa wanawashangilia vijana wetu siku ile, waliinua nini? Maziwa? Kama ni bia iliyotufunga, mbona mmemtupa dirishani mmoja?"

Chumba kilichemka. Mtu mmoja alisema kweli bwana. Mwingine akasema basi ilaaniwe Tbilisi yote, naye aliungwa mkono na wengi. Murmani aliona meza inamponyoka. Akasogea mbele, akampigia Tsiala ukelele wa mtu anayemfundisha mtoto.

"Usiseme usiyoyajua, mama Tornike. Pale hakuna aliyeinua. Utainuaje, watu wamebanana kama dagaa? Chupa ya divai uliyoificha kwenye buti la mguuni mlinzi keshaitoa mlangoni, tena anakucheka. Ile bia wanakupa kwenye kikombe laini kama ngozi ya yai, ukikibana kinabonyea, kwa hiyo unakishika hivi, kwa mikono miwili, unakiweka juu kidogo, juu ya kichwa cha aliye mbele yako, kisimwagike. Basi. Huko siyo kuinua."

Alikuwa amenyanyua mikono kuonyesha. Kwenye televisheni timu zilikuwa zinatoka, wimbo wetu wa taifa unaanza, na kwa mara ya kwanza tangu tupate televisheni hakuna aliyesimama.

Nunu, mke wa Murmani, alikuwa anaingia na sinia la mikate ya mahindi. Aliliweka chini polepole.

"Murmani," akasema, "ile hospitali ya Kutaisi ina uwanja?"

"Nilihadithiwa."

"Na nani?"

Murmani alitazama dari. "Na daktari."

"Daktari alikuhadithia na habari ya buti?"

Tsiala alikuwa ameshavuta benchi kutoka chini ya meza. Alimshika Varlami kiuno, akamvusha kizingiti, akamketisha mbele kabisa, magoti yanagusa kioo, na hakuna aliyemzuia. Mpwa mwenye kamba aliishusha begani, akaiangalia, akamwangalia mjomba wake. Kalistrate akakohoa, akauliza kwa upole, kama mkuu wa meza anavyouliza, wakati huo bia iko juu ya kichwa cha mtu, mdomo wa Murmani ulikuwa unasema kwa nani.

Murmani akasema mdomo wake ulikuwa Kutaisi. Lakini mikono yake alisahau kuishusha. Ilikuwa bado hewani mbele ya kijiji kizima, juu kidogo ya kichwa cha Varlami, vidole kumi vimekizunguka kitu ambacho hakipo, vimekishika kwa adabu, bila kukibana.